Mjukuu Wangu Amekuwa Tayari Kupita Kiasi

Ndugu Mwalimu Mkuu,

YAH: OMBI LA KUMPUNGUZIA MJUKUU WANGU UTAYARI

Mimi ni babu wa yule binti wa kidato cha nne anayekaa karibu na dirisha lisilofungika. Ulipotuita walezi ukasema mwaka huu shule itawaandaa watoto kwa vyuo na ajira, nilipiga makofi kuliko wote. Hotuba za namna hiyo nimezisikia tangu nikiwa na nywele, na hazijawahi kumdhuru mtu. Kumbe safari hii mlikuwa mnasema kweli. Malalamiko yangu ni haya:

1. Somo lenu la usaili. Niruhusu nieleze, maana wengi hawalielewi: usaili ni mazungumzo ambayo mmoja anauliza na mwingine anatokwa jasho. Nyumbani mwangu anayetokwa jasho ni mimi. Juzi niliomba chai. Mjukuu akavuta kiti, akakunja mikono mezani, akauliza, "Babu, kwa nini tukuchague wewe?" Nikamjibu kwamba mimi ni babu yake. Akasema hiyo si sifa, ni nasaba. Bibi yake alicheka hadi akashika ukuta, na chai akapewa yeye.

2. Asipoosha vyombo haombi radhi tena. Anasema amekutana na changamoto na amejifunza.

3. Hili ndilo linaloniumiza. Mwanangu wa mwisho, mjomba wa binti huyo, alipomaliza chuo kikuu alijilaza kwenye kochi la sebuleni apumzike kidogo, na sasa kochi limeshika umbo lake. Ni kijana mtulivu, na ndiye pekee anayekubali kucheza drafti nami kila alasiri na kushindwa kwa adabu. Mjukuu akamsaili palepale, ndani ya blanketi. "Mjomba, unajiona wapi baada ya miaka mitano?" Mjomba akalitazama kochi. "Hapahapa, ila labda upande ule wenye mto." Mjukuu hakucheka. Akampigia shati pasi, akamfundisha kumtazama mtu machoni, akamuuliza maswali yaleyale wiki nzima. Jumatatu mjomba akanyoa ndevu. Jumatano akaajiriwa, karani wa ghala.

Sasa fikiria, Mwalimu Mkuu. Mjomba ameondoka. Mjukuu naye, mkiendelea hivi, atafaulu aende chuo. Bibi yake hachezi drafti. Anasema ni mchezo wa watu wasio na kazi. Nitabaki na kochi lenye shimo na kete zisizo na adui.

Kwa hiyo naomba somo la usaili lifutwe, tuwarudishe watoto kwenye kukariri urefu wa mito ambayo hawataivuka. Pia mjukuu wangu afelishwe kidogo, kwa upole, alama chache tu, abaki nyumbani mwaka mmoja. Sisi hatukuandaliwa kwa lolote, na mbona tumezeeka salama?

Wasalimie walimu wote, mpishi, na mlinzi wa getini aliyeniuliza nimekuja kwa dhumuni gani na nina uzoefu gani. Naona naye amehudhuria somo.

Ni mimi, ninayecheza mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto,
Babu

Nyongeza: Nimeona tangazo getini kwamba mnatafuta mtunza maktaba, hata mstaafu. Nimeomba. Mjukuu ananifanyisha mazoezi kila jioni, hivyo somo lisifutwe kwanza. Na zile alama msizikate: kwenye maombi nimemwandika yeye kuwa mdhamini wangu, na sitaki mdhamini aliyefeli.