Gari Lililogoma Kumposea Skrini

Jana ilikuwa Tumpek Landep, siku yetu ya kubariki vyuma, kwa hiyo leo Jumapili kila chenye magurudumu hapa kijijini kina mapambo ya makuti machanga puani. Tulikuwa kibarazani kwa Mama Rempi, kahawa nzito yenye mashapo, ndizi za kukaanga bado zinachoma vidole. Ketut akaanza. Tunamwita Redio, na hajawahi kuzimika.

"Oyaa, sikilizeni!" Anasoma simu. "Huko mjini gari la umeme limemfungia mwenyewe ndani masaa mawili. Limesema halimtambui!"

Mzee Kerta, fundi wetu, alicheka mpaka akashika mbavu. Tunamwita Kabureta, na kabureta ya pikapu lake alikuwa ameifungua palepale mezani, vipande vimelala kati ya vikombe.

"Halimtambui! Langu lina miaka arobaini na tano, hata nikilewa linanitambua."

"Linakutambua kwa harufu ya petroli, mzee wangu," akajibu Nyoman, mtoto wa Mama Rempi. Tangu anunue gari la umeme jina lake ni Skrini. Leo amevaa shati jeupe, kilemba cheupe, na marashi ya kufukuza inzi. Anakwenda kumposa Suartini, ng'ambo ya korongo. Wajomba zake wametangulia, wamekaa sebuleni kwa baba mkwe wanamsubiri, na kuhani ameshasema: kabla ya saa nne, la sivyo siku njema nyingine ni baada ya miezi mitatu. Huyu jamaa ana miaka thelathini na tisa na posa zake mbili zilishaota mbawa. Nilimwonea huruma, sisemi uongo.

"Kipya kinyemi," Kabureta akamchokoza, "ingawa kidonda."

"Kidonda ni hilo lako linalosukumwa kila asubuhi kama mkokoteni! Langu nalibonyeza tu. Tazameni."

Akaingia, akabonyeza. Gari likaimba kidogo, kisha sauti ya kike ikasema kwa adabu: "Kuna kizuizi mbele. Tafadhali subiri."

Mbele hapakuwa na kitu. Hata kuku.

"Rudi nyuma basi," Redio akashauri.

"Kuna kizuizi nyuma. Tafadhali subiri."

"Lo! Bibie hataki kwenda ukweni!"

Skrini akazima, akawasha, akalibembeleza, akalitukana. Bibie akashikilia palepale: tafadhali subiri. Kabureta akafungua boneti akabaki mdomo wazi. "Hamna kitu humu! Plastiki tupu! Sasa mtu utagonga wapi na nyundo?"

Saa tatu na nusu. Skrini akampigia Suartini: "Nimekwama kwa mama... gari linaona vitu..." Simu ikakatwa. Akakaa chini na shati lake jeupe, mavumbini.

Mimi ndiye niliyeona. Yale makuti ya jana yalikuwa yananing'inia sawasawa mbele ya jicho la kamera, yanacheza na upepo. Na ya nyuma vilevile. Skrini akaruka kuyang'oa.

"Thubutu!" Mama Rempi alitoka jikoni na mwiko. "Yamenyunyiziwa maji matakatifu hayo! Hayatolewi, yanakauka yanaanguka yenyewe!"

"Mama, nakosa mke!"

"Na ukipata ajali? Gari linaloogopa baraka, mimi silipandi wala hulipandi."

"Pikapu langu lina makuti matatu," Kabureta akajigamba, "na halioni hata moja. Halina macho, linakwenda tu. Nipeni dakika tano nilirudishie kabureta."

"Dakika tano zako tunazijua, mzee. Za mwaka jana hazijaisha!"

Skrubu moja haikuonekana; kumbe Redio ameikalia. Tukaanza kuitafuta kwa magoti, tunalaumiana, Skrini analia waziwazi, na saa inakwenda.

Ndipo ikaingia pikipiki. Suartini, nywele timtim, begi limefungwa nyuma kwa kamba.

"Nyoman! Inuka!"

"Suar, bado dakika kumi, tukikimbia kwa baba..."

"Kwa baba hatuwahi. Na mimi miezi mitatu sisubiri, hata siku tatu. Twende kwa shangazi yako. Nitoroshe."

Kwetu msichana akitoroka na mchumba wake ameshaolewa, wazazi wanapelekewa taarifa tu. Mama Rempi akadondosha mwiko, akamkumbatia mkwewe huku anacheka na kulia. Skrini akapanda nyuma, sinia la matunda ya posa kifuani, akamshika Suartini kiuno kama mtoto. Hao, wakatokomea.

"Sikia mlio huo," Kabureta akatikisa kichwa. "Kabureta safi!"

"Wapi, mzee!" Redio akapinga. "Ile ina kompyuta!"

Wakaanza upya kugombana, mpaka simu ya Redio ikalia. Akaweka sauti ya juu. Alikuwa mjomba wa Skrini, anaongea kwa furaha, vikombe vinagongana nyuma yake.

"Mko wapi jamani? Mzee hapa ametuandalia kahawa na keki, amechangamka kweli! Anauliza bwana harusi anakuja na gari gani."

Redio asiyezimika leo hakutaka kutangaza. Akanikabidhi simu.

"Mjomba," nikasema, "malizeni kahawa. Halafu taratibu, bila kumshtua mtu, sogeeni karibu na mlango."