Mikono ya Binti Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Mtaa mzima unajua! Binti yangu anakwenda klabu. Mjini, kila Jumamosi, anarudi alfajiri viatu mkononi. Na mimi ndiye wa mwisho kujua, nalala kama gogo, mimi ninayewapelekea watu habari za ndani kwao! Kaniletea Mama Pacha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kasema pole shoga yangu, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Binti wake kaolewa, yuko nyumba ya vigae. Wangu kanyoa nywele.

Nikamjibu palepale, hata mate sikumeza. Nikasema wangu haendi klabu, anachunga wagonjwa, zamu ya usiku. Mdomo huu! Kuna siku najishangaa mwenyewe.

Tangu baba yake azikwe tumebaki wawili. Vyumba viwili, cherehani moja. Huyu akipotelea mjini nitagombana na nani?

Jumanne, 5 Machi

Wagonjwa wamekuja! Mama Pacha kamleta mama mkwe wake, mguu umevimba kama mto wa kulalia. Muuza mkaa kaja na jipu, mahali pa kukalia. Wamejipanga kwenye benchi langu wanamngoja nesi.

Binti karudi kutoka kazini, duka la rangi, kawakuta. Nikamkonyeza mpaka jicho likauma. Wapi! Kawaambia anauza rangi, Jumamosi anacheza dansi, na mguu ule upelekwe hospitali leo hii. Bibi wa watu, binti kamshika mkono mpaka barabarani, kampandisha gari. Zamani alikuwa hamsalimii mtu mpaka nimfinye! Sasa kila mtu ni wake. Eti kajifunzia huko klabu. Huko, anasema, unacheza na mtu ndipo unamjua, hakuna anayeuliza wewe mtoto wa nani.

Ndani kaniuliza kwa nini namwonea aibu ambayo mwenyewe hana. Nikamwambia aibu ni afadhali aitunze mtu mzima. Kacheka. Kasema wenzake wa klabu wamepata chumba mjini, wanataka akakae nao. Anafikiria.

Anafikiria! Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata dawa. Bila viatu hakuna dansi, bila dansi hakuna wenzake, bila wenzake hakuna chumba. Nimeking'oa kisigino cha kiatu chake kwa koleo, nikapeleka vyote viwili kwa fundi viatu wa kona. Huyu hasikii wala hasemi. Bubu, ndivyo tunavyomwita. Nimemwonyesha kwa mikono: polepole, polepole sana, hata mwezi.

Mama Pacha alikuwepo anangoja ndala yake. Najua, najua. Lakini siri ikikaa tumboni mwangu inavunda. Nikamweleza mpango wote, tena pale pale mbele ya fundi, maana hakuna mahali salama kama benchi lile. Nimemwaga mangapi pale, miaka nenda miaka rudi! Tukaingia na habari za fundi mwenyewe. Nikasema mkewe alimkimbia, nani ataweza kuishi na mwanaume ambaye hata ukimtukana unajichosha bure? Tulicheka mpaka Mama Pacha akashika ukuta.

Fundi alikuwa anashona tu.

Jumamosi, 9 Machi

Kaenda dansi. Na viatu vyake!

Jioni nilichungulia nikamwona kwenye kona na fundi. Wanachezesha mikono hewani, vidole vinapanda vinashuka, na yule fundi anacheka. Sijawahi kumwona akicheka. Nikafikiri ni uganga, au ni mapenzi, sijui kipi kibaya zaidi.

Binti kaingia ndani, viatu mkononi, kisigino kimerudi, kakaa. Kaniambia yote. Koleo, kisigino, polepole hata mwezi. Hata ule utani. Kumbe fundi anasoma midomo! Miaka yote! Kaniambia huyu ni kiziwi, mama, si bubu, na jina analo. Lugha ya mikono kafundishwa na viziwi wanaokuja klabu kucheza. Mtu asiyesikia anakwenda klabu kufanya nini? Sikuuliza, maana alikuwa hajamaliza.

Mke wa fundi hakukimbia. Alikwenda kujifungulia kwao, akafia huko, yeye na mtoto. Mtaani hakuna aliyemuuliza fundi, kwa kuwa hakuna aliyejua namna ya kumuuliza.

Niliona haya. Haki ya Mungu niliona haya, tangu hapo mpaka naweka chungu jikoni. Halafu wazo likanijia. Mtu anasoma midomo, kakaa kwenye kona ile miaka yote, midomo ya mtaa mzima imepita mbele yake. Anajua mangapi huyu!

Jumapili, 10 Machi

Jumapili klabu inafunguliwa mchana. Nimekwenda. Nimevaa gauni nililovaa kwenye harusi ya mtoto wa Mama Pacha, ili wajue nimetoka nyumba ya watu.

Mlangoni baunsa, kama kabati la milango mitatu. Nilijiandaa kwa matusi. Kanipa shikamoo! Kabeba na mkoba wangu.

Ndani giza la rangi rangi. Karibu na spika watu wazima, wengine na mvi, peku, wamekumbatia maputo. Nikajua ni wazimu. Msichana mmoja kanipa la kwangu, kaniwekea kifuani. Ngoma ikanipiga humo, mbavu kwa mbavu. Nikasema basi, moyo ndio huo, nakufa nimekumbatia puto. Kumbe hivyo ndivyo viziwi wanavyousikia muziki. Yule msichana akanitazama, akacheka, nami nikacheka. Nilicheza kidogo. Asiambiwe mtu.

Kisha nikamwona wangu. Kasimama juu ya sanduku mbele ya watu wote, anayageuza maneno ya mwimbaji kuwa mikono, na viziwi wote macho kwake, wengine wanalia. Mzuri! Simjui. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba simjui. Nikaona huyu nisipomchukua leo sitampata tena. Nikapanda kwenye sanduku, nikamkamata mikono yote miwili, nikamwambia twende nyumbani.

Yule mwimbaji aliendelea. Wale hawakupata neno hata moja. Wakabaki wanatazama mikono yangu imeshika mikono yake.

Hakunisukuma. Kaniambia tu, mama, umeniziba mdomo mbele za watu.

Jumatano, 13 Machi

Kahamia mjini. Nguo zake zimeingia kwenye begi moja, nikaona uchungu, nilidhani ana vitu vingi. Kasema hana hasira. Kasema huku kila hatua yake inafika nyumbani kabla yake, na amechoka kuzikuta zinamsubiri mlangoni. Kanibusu shavu. Kasema nitembee kwake siku yoyote.

Nikamwambia sitaki kumsumbua. Kumbe nilitaka kusema niambie ni siku gani.

Fundi viatu alimbebea begi. Waliongea njia nzima, kimya. Sikupata hata neno.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nimeanza kuumwa. Si kuumwa kwenyewe. Nimemtuma muuza maji aseme mtaani na mjini kwamba simezi kitu. Kaniuliza ni kama ule moyo wa mwaka jana? Nikamwambia huu ni mwingine kabisa. Kaondoka anapiga mluzi.

Nimelala nikagumia. Nyumba imenyamaza hata nikasikia mgumio wangu ukirudi kutoka chumba chake. Mama Pacha kaja, kanitazama kutoka mlangoni, kasema itapoa. Kaazima sufuria kubwa. Kaenda.

Mchana binti kapiga simu. Kauliza kinachouma. Nikamwambia kila kitu. Kasema, mama, nitajie kimoja tu cha kweli, nami naja sasa hivi. Kimoja tu!

Nikafikiri. Kilikuwepo. Nilikiona kabisa, kimenikaa hapa kooni, kifupi, hata maneno matatu hakifiki.

Nikasema ini.

Kasema pole mama, nenda hospitali, kakata.

Sasa nimeelewa nilipokosea. Ini halina sauti, huwezi kuliuza kwa simu. Kesho nitazimia. Tatizo ni moja tu, sijui nizimie mbele ya nani.