Maiki ya Jeconia

Jumanne, 4 Agosti

Jeconia ameenda! Ameondoka asubuhi kwenda kwao Vihiga, mjukuu wake anatahiriwa. Atakaa wiki mbili. Nimemsindikiza mpaka stejini, nikambebea begi. Watu wamenisifu kwa moyo mwema. Nilitaka tu kuhakikisha amepanda basi.

Niandike mambo yalivyo. Hapa mtaani kwetu Soweto West tuna Kituo cha Wazee, ukumbi wa mabati nyuma ya kanisa. Tunakutana Jumanne na Alhamisi: mazoezi ya viungo, drafti, kusuka viondo, kwaya, chai na mandazi. Lakini Jumanne kabla ya chai kuna Habari za Wazee. Mtu mmoja anasimama na maiki, anatueleza nani mgonjwa, nani amepata kitukuu, nani amerudi kutoka ushago, kijijini kwao. Mtu huyo ni Jeconia tangu kituo kifunguliwe. Sauti nene, tumbo nene. Akisema tu "wapendwa", akina mama wanaacha kusuka. Mimi Mulwa, seremala mstaafu, niliyetengeneza benchi wanazokalia, nikianza kusema jambo watu wanaitisha sukari.

Leo Lenah, msimamizi wetu, ameuliza nani atamshikia Jeconia nafasi. Niliinua mkono kabla hajamaliza. Jirani yangu Syombua naye alianza kuinua wake, nikamwomba anishikie kofia. Nimepata!

Nimeamua. Jeconia akirudi atakuta kila kitu alivyokiacha, isipokuwa maiki.

Jumatano, 5 Agosti

Hakuna habari! Nimezunguka Soweto West yote, nikafika Kisumu Ndogo mpaka kwa mama anayeuza dagaa wa omena. Wote wazima. Nimemuuliza Nyamai, mwenzangu wa drafti, kama goti lake limezidi kumsumbua. Ati limepona. Miaka yote limevimba, limechagua wiki hii kupona.

Syombua ni mjane wa kutoka Kitui kama mimi, na husema mambo bila kuulizwa. Ameniambia Jeconia hatafuti habari. Anakaa kwa watu, anakunywa chai, ananyamaza, nao wanamweleza wenyewe. Nimemwambia kunyamaza si kazi. Hata hivyo nimejaribu. Nimeenda kwa mzee Wambua nikakaa, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka Wambua akaniuliza kama nimekuja kukopa.

Alhamisi, 6 Agosti

Habari isipokuja inatengenezwa. Mimi ni fundi.

Mpango ulikuwa hivi: Nyamai na Wambua wagombane kwenye drafti, ikiwezekana meza ipinduliwe, Jumanne nitangaze. Wambua alipogeuka kupiga chafya nikasogeza kete yake moja mahali pabaya. Nikarudi nyuma, nikangoja matusi.

Wambua aliitazama bodi kwa muda mrefu. Akasema uzee umeanza kumcheza, hakumbuki hata alipoiweka kete. Nyamai akamwambia usijali, turudie. Wakarudia! Halafu wakagawana andazi. Wazee wa siku hizi hawana damu.

Jumamosi, 8 Agosti

Habari imekuja. Lo!

Nilienda Soko la Toi kutafuta koti. Mtangazaji hawezi kusimama mbele ya watu na sweta iliyotoboka kiwiko. Kwenye marundo ya nguo za akina mama nikamwona Kavetsa, yule mjane wa kwaya yetu anayekuja kutoka Kawangware. Kwao ni Vihiga, kijiji kimoja na Jeconia. Aliniambia amezunguka soko zima tangu asubuhi akitafuta gauni. Nikamuuliza habari za Jeconia. Akainama. Akajifunika mdomo kwa leso.

"Jeconia ameposa, Baba Mutinda," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu. "Kesho naenda huko nyumbani. Usiambie watu bado."

Mtu mwingine angefikiri Jeconia ametafuta mke! Katika umri ule! Lakini mimi nimepiga randa na mafundi wa Magharibi, kwao akina Jeconia, maisha yangu yote. Z yao ni s. Kazi kwao ni kasi, zege ni sege. Sikuhitaji kutafsiriwa. Amepooza. Kiharusi. Maskini Jeconia.

Nikamwambia Kavetsa pole, ajipe moyo, yote ni mipango ya Mungu. Akaniambia kweli, na amepanga vizuri. Nimeshangaa imani ya mama huyu. Akanionyesha gauni la samawati, akaniuliza kama linamfaa. Nikamwambia ni rangi ya heshima, haitaleta shida hata wodini. Akanitazama kwa namna ya ajabu. Uchungu huo.

Nimesikitika. Kweli kabisa, nimesikitika mpaka nikasahau koti. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba mtu aliyepooza hawezi kushika maiki.

Jumapili, 9 Agosti

Nimempigia Jeconia baada ya ibada. Mteja hapatikani. Nimempigia tena. Hapatikani. Mtu mzima na simu yake vyote vimezimika siku moja? Ushahidi huo unatosha.

Kuhusu lile la kutoambia watu: Kavetsa alisema "bado". Nitangoja mpaka Jumanne.

Jumanne, 11 Agosti

Siku kubwa kuliko zote tangu nistaafu!

Nilianza na habari ndogo ili kuwapasha moto. Goti la Nyamai limepona, mfereji wa chini umetengenezwa. Watu wakaendelea kusuka. Kisha nikashusha sauti. Nikasema wapendwa, nina jambo zito, ndugu yetu Jeconia amepatwa na kiharusi. Ukumbi ukanyamaza kimya. Mama Ndululu tu, aliye nyuma na asiyesikia vizuri, alidhani nimesema harusi, akapiga kigelegele kirefu. Wakamkanya.

Wote walinigeukia mimi. Kila jicho. Walitaka kujua ni upande gani. Sikuwa nimeambiwa upande, lakini habari bila upande haina uzito, kwa hiyo nikasema kulia. Wakauliza kama anaweza kusema. Nikatikisa kichwa. Nyamai alilia waziwazi. Wambua akasema hajawahi kusikia habari ikitolewa vizuri hivi, au alitaka kusema hivyo, maana alinishika mkono.

Lenah alitaka kujua nimezipata wapi. Nikamwambia mtangazaji hataji aliyemwambia. Akampigia Jeconia. Hapatikani. Akaongoza maombi.

Wakati wa chai nikamdokezea, kwa upole, kwamba kituo hakiwezi kukaa bila mtangazaji wa kudumu. Amesema watu wataamua Alhamisi.

Nilimwomba Mungu amponye Jeconia. Miguu kwanza.

Alhamisi, 13 Agosti

Nimechaguliwa! Mikono yote juu, isipokuwa wa Syombua. Amesema tungoje tumwone mgonjwa kwa macho. Mama huyu ana wivu.

Sasa nionyeshe kwamba cheo hakijanibadilisha. Ninamtengenezea Jeconia kiti cha magurudumu. Mbao ninazo, magurudumu nimeyatoa kwenye kigari cha mtoto cha pale Toi. Kina mahali pa kuegemeza kichwa, kina mkanda, na upande wa kulia nimeweka mto kwa sababu ndio uliopooza. Sijawahi kufanya kazi safi hivi tangu kabati la marehemu mke wangu Nzilani. Akina mama wameshona kitambaa cha mgongoni: POLE JECONIA.

Nilipokuwa nikipiga msasa nilijikuta namwombea yule mzee kwa dhati. Tumebishana miaka mingi. Ni lini nitapata mwingine wa kubishana naye?

Jumanne, 18 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilikuwa na maiki. Nilikuwa nimevaa koti nililorudi kununua Toi. Kile kiti kilikuwa mbele ya ukumbi na maua yamewekwa juu yake, kwa sababu tulisikia kwamba Kavetsa amerudi na tulitaka akipeleke. Nimeanza "wapendwa". Mlango ukafunguliwa. Akaingia Kavetsa na gauni la samawati, na Jeconia amemshika mkono. Anatembea! Miguu yote miwili! Amenenepa.

Mama mmoja akapiga yowe. Nyamai akasimama, akaketi, akasimama tena. Jeconia akakitazama kiti, akasoma kitambaa, akauliza ni nani mgonjwa. Wote walinigeukia mimi. Kila jicho, kama wiki iliyopita, lakini si vile.

Lenah akasema, "Mzee, tuliambiwa umepooza."

"Nimeposa," Jeconia akasema. "Nimemposa huyu."

Walicheka mpaka mabati yakalia. Wambua alilazimika kushikwa. Mama Ndululu akauliza kuna nini, akapigiwa kelele sikioni kwamba ni harusi. Akasema yeye si alijua tangu wiki iliyopita.

Nikajaribu kueleza. Nikasema si kosa langu, ni matamshi ya watu wa Magharibi, z na s. Kavetsa hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema aliniambia ameposa kwa sababu ameposa, tena aliniomba nisimwambie mtu. Ndipo Syombua akasema, bila kuulizwa, "Baba Mutinda, Kavetsa amezaliwa Kawangware. Z anayo tangu utotoni. Wewe ndio huna masikio."

Nikauliza kwa nini basi simu ya Jeconia haikupatikana. Ilitumbukia kisimani.

Jeconia akaketi kwenye kile kiti, akajifunga mkanda, akaegemeza kichwa. Akasema ni kizuri. Niliweka maiki juu ya benchi, nikatoka.

Jumatano, 19 Agosti

Sijatoka nje. Mtaa mzima unajua. Muuza maji amepita akiuliza kama ninataka mtungi mmoja au nimepooza.

Acha niseme ukweli hapa, hakuna anayesoma. Tangu Nzilani afariki, nyumba hii ina mimi na redio. Redio inasema, mimi nasikia. Siku nyingine jua linatua na sijatoa neno ila "asante" kwa muuza mkaa. Jumanne ile nilisema, na watu sabini, themanini, wakanyamaza kunisikiliza. Nilihisi nipo. Ndiyo maana niliitaka ile maiki. Sikumtakia Jeconia mabaya. Labda kidogo, sauti tu, na kwa muda.

Jioni Syombua amekuja na bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Amesema watu wanacheka, lakini pia wanauliza niko wapi. Nimemwambia sirudi tena kule. Amekaa, hakusema kitu, na mimi nikajikuta nimemweleza habari za Nzilani kwa muda mrefu. Sijui kwa nini. Ni mtu wa kuchosha, lakini muthokoi wake umeiva vizuri.

Alipoondoka nikapata wazo. Mtu akikosea hadharani lazima aombe msamaha hadharani. Na hadharani hapasikiki bila maiki!

Jumanne, 25 Agosti

Nimeenda mapema na koti langu. Nimeandaa msamaha mrefu wenye sehemu tatu, na kati ya sehemu ya pili na ya tatu nimeweka habari kadhaa za wiki.

Sikuutoa. Jeconia alisimama kwanza. Nikajua naaibishwa. Nikatazama viatu vyangu.

Alisema wakishaoana anahamia Kawangware kwa Kavetsa, na Jumanne hatakuwa akifika. Alisema jambo lingine ambalo sikulitarajia. Alisema aliporudi, Nyamai alimshika akalia tena, na Wambua akamwonyesha mahali alipopiga magoti kumwombea. Akina mama walishona usiku na mchana. Na mtu mmoja alimtengenezea kiti ambacho mfalme angekikalia.

"Watu huambiwa wanapendwa wakiwa ndani ya sanduku," akasema. "Mimi nimeambiwa nikiwa na meno yangu. Ni Mulwa aliyenipa hiyo habari. Sijawahi kuleta habari nzuri kama hiyo hapa mimi mwenyewe."

Nilifuta macho kwa mkono wa koti, nikajifanya ni vumbi.

Akasema kama wazee wanakubali, maiki abaki nayo Mulwa. Lenah aliuliza kama wanakubali. Walikubali! Hata Syombua, ingawa alitikisa kichwa huku ameinua mkono.

Jeconia akaja mpaka nilipo. Akaniwekea maiki mkononi, akanishika bega, akainama karibu na sikio langu. Aliniambia neno moja tu la ushauri, taratibu, kama mtu anayekabidhi nyumba. Alisema lazima nilishike hilo, bila hilo kazi hii haiwezekani.

Sikulisikia vizuri. Nilikuwa najaribu maiki. Lakini nadhani alikuwa ananipongeza.