Mota ya Waipa na Kitambaa cha Mama Mkwe

Jamani, leo nimeaibika hadi masikio yanawaka.

Mnajua nimekuwa nikitengeneza korongo wa mabati kwa yale maonyesho ya sanaa hapa Kisumu. Ndege watatu, wanainamisha shingo mmoja mmoja, wakiamrishwa na kompyuta (ya kuazima, skrini ya kijani). Leo mama yake Atieno, mchumba wangu, alikuwa anakuja kutoka Katito kuona kama kazi yangu ni kazi kweli au nachezea vyuma tu. Akisema hapana, uchumba umekwisha. Yaani sikulala!

Wale wadogo wawili niliwapa mota ndogo zenye gia, nilizong'oa kwenye mashine mbovu ya fotokopi. Zinakwenda taratibu, hazina kelele. Lakini shingo ya yule mkubwa ilikuwa nzito.

"Si umpunguzie tu mabati?" Atieno akaniambia.

Nikakataa. (Mimi? Nipunguze ndege siku mama mkwe anakuja?) Nikaenda sokoni Kibuye, nikachagua mota ya waipa ya lori, ile ya kufutia kioo cha mbele. Ina gia, ina nguvu za punda. Nilichosahau ni tabia ya waipa: ukiizima haisimami katikati. Lazima kwanza imalize mzunguko, irudi mahali pake pa kulala.

Mama akafika na kitambaa kipya kichwani. Mimi nikabaki nyuma ya meza ya kompyuta, macho chini, maana kwetu mama mkwe hasogelewi, na kumgusa ndiyo usiseme. Ndege wadogo wakainama vizuri. Mama akatabasamu! Mkubwa naye akaanza kuinama. Mama akasogea kumtazama miguu.

"Mama, rudi nyuma kidogo!" Atieno akaita.

Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha. Wapi! Nikabonyeza tena. Nikabonyeza vyote! Mdomo ukashuka polepole, ukaingia kwenye fundo la kitambaa, kisha ukapanda nacho juu.

"Yawa! Hii ndege imenivua mbele ya mkwe!"

Mama kichwa wazi, amejifunika nywele kwa mikono miwili. Kitambaa kinaning'inia karibu na dari. Mimi nimeshaingia chini ya meza (ndiyo, mtu mzima na ndevu zangu). Kumpelekea siwezi, kumtazama siwezi. Nikanyoosha mkono juu ya meza, nikapapasa kitufe cha kuwasha, nikasali, nikabonyeza.

Korongo akainama tena mbele ya mama, kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuifikia. Mama akanyakua kitambaa chake, akajifunga, akakaza fundo hadi nikaogopa.

Kisha akamgeukia Atieno, kwa sauti ya kunifikia huko chini:

"Mwambie huyo kijana akuje na ng'ombe. Lakini kitu ya kutumia stima isivuke mlango yangu!"

Basi msinicheke. Nimekubaliwa, ila umeme marufuku; mkija harusini kila mtu aje na taa yake ya karabai.