Anayeitwa Baba Kishindo Si Mimi

Kwa Msajili wa Vizazi na Vifo,
Ghorofa ya pili, dirisha la tatu.

Ndugu Msajili,

Kuhusu: Kurudishiwa jina langu kabla ya saa kumi jioni ya leo

Natumaini barua hii itakukuta mezani, maana mara tatu nilizopanda ngazi zako nimeambiwa umetoka kidogo kunywa chai. Sikulaumu. Chai ni haki ya kila mtu. Ila leo binti yangu ametimiza mwaka mmoja, na karani wako wa dirisha la tatu amenieleza, bila kuinua uso, kwamba kosa kwenye cheti cha kuzaliwa husahihishwa kwa barua tu mpaka siku mtoto anapotimiza mwaka. Kuanzia kesho ni mahakamani, kwa kiapo, pamoja na mashahidi wawili wanaolijua jina langu. Mashahidi hao sina. Kwa nini sina, ndilo jambo lenyewe linalonifanya nikuandikie.

Kwa ufupi, nimeibiwa jina. Lile nililopewa na wazazi wangu, nikalitumia miaka thelathini na minne bila kulichafua. Nimekuandikia jina hilo nyuma ya bahasha hii kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kwa kuwa kazi yangu ni kuchora mabango, na kwa kuwa nyuma ya bahasha ndipo mahali pekee palipobaki ambapo mtu anaweza kulisoma akaamini. Nitakueleza mwaka wangu ulivyokwenda, usije ukasema nimekurupuka.

1. Siku yenyewe. Niliingia hospitalini nikiwa na jina. Nililiandika mwenyewe kwenye daftari la mlangoni saa mbili asubuhi. Saa nne muuguzi akatoka na kuita, "Baba mtoto!" Tukasimama wanaume watano. Akasema anamtaka baba wa yule anayepiga kelele. Kusema kweli kelele zile zilikuwa zimeshafika mpaka kwenye maegesho ya magari, na mzee mmoja aliyekuwa amesinzia kwenye benchi aliangusha redio yake. Muuguzi akanikabidhi mtoto akiwa amefungwa shuka mpaka shingoni, akasema, "Haya, Baba Kishindo, mpokee mwenzio." Benchi zima likacheka. Na mimi nikacheka, Ndugu Msajili. Nilitakiwa kupinga pale pale, tena kwa maandishi.

2. Nyumbani. Mke wangu alikuwa akiniita kwa jina langu la kwanza. Akikasirika, alinitajia majina yote matatu, na mimi, hata hayo ya hasira nilikuwa nayapenda. Tangu tutoke hospitali hajayataja. Ni Baba Kishindo asubuhi, Baba Kishindo mchana, hata tukiwa wawili tu na mwenye kishindo amelala fofofo. Mama mkwe, aliyekuja kutusaidia kwa wiki mbili na mpaka leo ana msumari wake ukutani wa kutundikia mkoba, ndiye aliyewafundisha majirani. Mama yangu mzazi, yule yule aliyenipa jina, alipiga simu mwezi wa pili. Nikapokea, nikamwambia ni mimi mwanao. Akasema vizuri mwanangu, hebu mpe Baba Kishindo simu, nataka kujua mtoto anaendeleaje.

Nilikata simu, nikakohoa, nikampigia tena kwa sauti nyingine. Tuliongea vizuri sana.

3. Kazini. Juu ya mlango wangu wa kazi kuna bango lenye jina langu ambalo lilinichukua siku tatu. Wateja wanapita chini yake wakiuliza Baba Kishindo anapatikana wapi. Kinyozi wa mlango wa pili huwaelekeza kwa kidole: pale, penye jina la yule mtu mwingine.

Sisi wachora mabango tuna desturi moja. Kazi ikiisha, kona ya chini upande wa kulia tunaandika jina dogo la mchoraji. Nilimchorea muuza nyama bango zuri, lenye ng'ombe anayetabasamu, nikaweka jina langu konani kama kawaida. Kesho yake huyo, amelibeba bango begani, amefura. Alitaka kujua huyu aliyesaini ni nani, kwa sababu yeye kazi yake alimpa Baba Kishindo, na hakumruhusu mtu kumpasia kibarua asiyejulikana. Nikamtolea kitambulisho. Akakitazama, akanitazama, akasema ni kweli tunafanana. Basi nikafuta kona, nikaandika Baba Kishindo, akaondoka anapiga mluzi.

4. Sifa. Hapa naomba uweke kikombe chini. Huyu mtu anasifiwa! Mimi katika maisha yangu yote nimesifiwa mara mbili, na mara moja walinifananisha. Lakini Baba Kishindo! Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara anawaambia wateja wake kwamba Baba Kishindo anafua nepi kwa mkono wake, jamani, na anazianika kwa kuzipanga kwa ukubwa. Kwamba anachora huku amembeba mtoto mgongoni na mstari hauendi mrama. Mama mkwe alimwambia dada yake kwenye simu kuwa yule bwana aliyemwoa binti yake hakumtegemea kwa lolote, ila Baba Kishindo, yule ni mtu wa maana. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, nakunja nepi.

Nimemchunguza huyu bwana. Anavaa mashati yangu. Anakaa kwenye kiti changu. Mke wangu akiongea naye anacheka kicheko ambacho mimi nilikisikia mara ya mwisho tukiwa wachumba. Nina wivu, Ndugu Msajili, na sioni aibu kukiri mbele ya serikali.

5. Cheti. Sasa tunafika kwako. Miezi sita iliyopita nilikuja ofisini kujaza fomu. Jina la mtoto niliandika sawasawa, lile lake halisi ambalo nalo halitumiki. Jina la mama, sawasawa. Nikafika kwenye jina la baba. Naomba uelewe kwamba asubuhi hiyo nilikuwa nimeshaitwa mara kumi na moja, ya mwisho na mlinzi wenu wa getini. Mtoto nilikuwa nimempakata kwa mkono wa kushoto na alikuwa anatafuna kona ya fomu. Nikaandika, kwa herufi safi zenye kivuli, Baba Kishindo.

Karani wako akasoma, akausifu mwandiko, akagonga muhuri. Sasa nauliza kosa ni la nani. Mimi ni mwananchi tu. Mwenye muhuri ni ninyi.

Matokeo yake, mwezi uliopita nilimpeleka mtoto kliniki, wakataka cheti chake na kitambulisho changu. Yule dada akavilinganisha, kisha akaniambia kwa upole kwamba chanjo hii inahitaji mzazi mwenyewe, kwa hiyo niketi nimsubiri baba mtu. Nikaketi, nikamsubiri. Baada ya nusu saa nilikuwa nimeshaanza kumkasirikia kwa kuchelewa, maana mtu gani huyu anayemwacha mtoto benchini na mgeni? Aliyetuokoa ni yule muuguzi wa siku ya kwanza, aliyepita na sinia lake, akasema ala, Baba Kishindo, mmekua! Tukapokewa hapo hapo.

6. Jitihada zangu binafsi. Usidhani nimekaa tu nikilia. Watu wazima wameshaharibika, hawarekebishiki, kwa hiyo nimeanza na yule ambaye hajaharibika. Kwa miezi miwili sasa, kila asubuhi baada ya kumwogesha, namkalisha mtoto mbele ya ubao nilioandika jina langu. Naigusa herufi moja moja kwa mpini wa brashi, kisha nalitamka jina lote mara ishirini, polepole. Mke wangu anasema nimechanganyikiwa. Mtoto hasemi kitu. Hajasema neno hata moja bado, kuhusu mimi wala kuhusu jambo lingine lolote. Lakini anasikiliza, hilo nalishuhudia.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, cheti kisahihishwe leo hii, kabla hamjafunga dirisha.

Pili, umtume afisa mwenye kipaza sauti aje uani kwetu alisome jina langu mara tatu, na mara moja kati ya hizo ageukie upande wa mama mkwe.

Tatu, kama hilo ni gumu, basi Baba Kishindo aandikishwe rasmi kama mtu anayejitegemea, apewe kitambulisho chake, na aamriwe kuja kushika zamu yake ya nepi. Hawezi kuwa anakusanya sifa tu wakati mgongo unaouma ni wangu.

Nne, kama hata hilo haliwezekani, najua una daftari la pili, lile la vifo. Andika humo kwamba mwenye jina la nyuma ya bahasha alifariki mwaka mmoja uliopita saa nne asubuhi, kwenye benchi la hospitali, kwa amani, akiwa anacheka. Cheti cha kifo nitakuja kukichukua mwenyewe.

Usinione mbinafsi. Mtoto nampenda mpaka najishangaa. Nataka kitu kimoja tu: siku atakapojua kusoma, akitoa cheti chake kabatini, aone kwamba aliyekuwepo mwaka ule nilikuwa mimi.

Nisalimie karani wa dirisha la tatu na mlinzi wa getini, bila kumsahau anayekuandalia chai. Mke wangu, mama mkwe, kinyozi na fundi cherehani wanakusalimu sana. Wako sebuleni wanasubiri keki na hawajui naandika nini. Mtoto naye angekusalimu, ila ndiyo hivyo, bado hajaanza kusema.

Wako ninayesubiri kutajwa,
Mwenye jina lililo nyuma ya bahasha

Tanbihi: Nilikuwa nimeingia sebuleni kutafuta gundi ya kufungia bahasha. Mtoto alikuwa amekaa mkekani, keki mpaka masikioni. Akaninyooshea kidole, akasema jina langu. La kwanza lote, Ndugu Msajili, bila kuacha herufi, kwa sauti ile ile ya karani wako anapoita foleni.

Vigelegele vikapigwa. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikapiga magoti nikamwambia, sema baba. Akanitazama kama mtu aliyekosea nyumba, akarudia jina. Nikamwambia, mama yangu, ni rahisi, ba, ba. Akarudia jina, safari hii na la ukoo. Kisha akamgeukia mama mkwe akasema "bibi", mara ya kwanza tu, safi kabisa.

Imeniuma, sikufichi. Jina nililolililia mwaka mzima nimelisikia. Nilitoka nikasimama uani kwenye nepi. Mke wangu akanifuata, anafuta machozi ya kicheko, akasema basi, nimepata nilichotaka, na kuanzia sasa nyumba nzima itaniita kwa jina langu. Mama mkwe ameshaanza, kwa adabu kubwa. Kinyozi naye.

Kwa hiyo naomba maombi yangu yote yafutwe, hasa lile la nne. Barua naileta hata hivyo, kwa sababu asubuhi nilimwambia karani kwamba inakuja na ninaogopa ameshachukua kalamu. Mzuie. Cheti kisiguswe, kikae kama kilivyo, na muhuri wake. Mpaka dakika hii ninapoandika, hicho ndicho kitu pekee kilichobaki kinachoniita baba.

Jina la nyuma ya bahasha nimelipaka rangi nyeupe, mara mbili. Likionekana kwa mbali, usilisome.

Wako,
Baba Kishindo