Bi Mashavu Alisema Haya

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi. Ukungu umefunika Meru yote. Wazo limenijia kabla chai haijachemka. Marehemu mjomba aliniachia mzinga wa gogo kule Ruiri, na nyuki bado wamo. Nitauleta mjini niuweke juu ya paa la choo cha ploti tunamoishi. Asali ikitoka, Kathuri atanyamaza. Kathuri anauza asali karibu na stendi na watu humwita Bwana Nyuki. Mimi, Salesio, huniita yule wa sungura, kwa sababu ya mambo ya mwaka jana ambayo siyaandiki hapa.

Nimemweleza Bi Mashavu, jirani yangu tangu nizaliwe. Alikuwa mlangoni anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Alisema, "Haya, mwanangu. Wewe ndiye unayejua."

Amekubali. Afadhali, maana mlango wake ndio unaotazamana na choo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepita kwa Abdirahim, mwenye bucha pale mbele ya ploti. Nikamweleza habari ya nyuki. Yeye akaanza kunisimulia binamu yake wa Isiolo, aliyeleta ngamia mgonjwa alale sebuleni kwa sababu ya mvua. Nikangoja mwisho. Nikamuuliza iliishaje. Akasema haijaisha, binamu bado analala nje. Kisha akaendelea kunoa kisu.

Hadithi nzuri, ila haihusiani na nyuki.

Baba yake, mzee Abdi, alikuwa hivyo hivyo. Nikiwa mtoto, kila nilipopanda ukuta wake alinisimulia mbuzi fulani aliyevunjika mguu Garba Tula. Nami nilimsikiliza nikiwa juu. Halafu mama yangu anatoka jikoni na mwiko mkononi, moshi ukimfuata. "Salesio, tiga!" Acha. Nilikuwa nashuka mara moja. Sijui kwa nini nimekumbuka hayo leo. Nilikaa na chai mpaka ikapoa.

Alhamisi, 7 Agosti

Mzinga umefika. Tumeuleta kwa pikapu ya Mwaniki wa Embu, mtu mpole. Njiani aliniuliza mlango wa chumba changu unafungukia ndani au nje. Baadaye akauliza kama shuleni nilikuwa mkimbiaji. Tulipokaribia mjini akauliza kama nina ndugu anayefanya kazi hospitali. Nimefurahi kuona mtu anajali maisha ya mwenzake hivyo.

Aliuliza pia kama nimewahi kuona watu wakihamisha nyuki mchana. Nikamjibu kwamba usiku mimi hulala. Basi hakuuliza tena. Tulipokuwa tunashusha, alikataa kuzima injini.

Nimeufunga mzinga juu ya paa kwa kamba ya katani na kuziba mlango wake kwa gunia. Bi Mashavu alitazama kupitia dirishani, akarudisha pazia.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Jua lilitoka, bati likapata moto, kamba ikalegea. Gogo likabingirika mpaka chini na kupasuka. Bi Mashavu alikuwa uani anaanika nguo. Mimi nilikimbia. Nilimpita yeye, nikafika barabarani, ndipo nikasikia anaita. Hakuniita mimi. Alikuwa anamwita mama yangu, ambaye tulimzika miaka mingi iliyopita.

Nikarudi. Nikachukua blanketi kwenye kamba ya nguo, nikamfunika, nikamshika pale chini mpaka Abdirahim akaja na moshi wa matambara. Bucha ilifungwa. Wateja wake walitawanyika hadi msikitini.

Kathuri aliletwa kuwachukua nyuki. Aliwaingiza kwenye sanduku lake bila haraka, kama mtu anayekusanya vifaranga. Ameondoka nao. Sasa ana asali yake na nyuki wangu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeenda hospitali. Jicho moja la Bi Mashavu limefumba kabisa. Rukaya, binti yake, alikuwa kando ya kitanda. Hakuitikia salamu yangu.

Nikamuuliza Bi Mashavu kwa nini hakunikataza.

"Nilikukataza," akasema. "Nilisema haya."

Nikamwambia haya ni kukubali.

"Ukisema wewe. Nikisema mimi, ni mlango nimefunga." Akapumua kidogo. "Na Abdirahim je?"

Nikamwambia Abdirahim alinisimulia ngamia tu. Mwaniki naye aliuliza kama najua kukimbia.

Akacheka, akajishika shavu kwa maumivu. Akaniambia kwamba zamani, akisema haya, mama yangu alikuwa anatoka jikoni kuniambia: Bi Mashavu amekataa. Mzee Abdi akianza habari za mbuzi, mama ananiambia: shuka ukutani. Wote walijua mama ataeleza, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kusema mara mbili.

"Mama yako alitufasiria sote," akasema. "Sasa nani atakufasiria?"

Nilimshika mkono. Tukakumbuka ua ulivyokuwa jioni: mahamri yake, mukimo wa mama, mzee Abdi na redio yake, watoto wa kila lugha kwenye mkeka mmoja. Alipolala nilitoka nje nikasimama kwenye baridi. Hakuna tena mtu wa kuniita jina langu kwa sauti ile ya mama.

Jumatano, 13 Agosti

Bi Mashavu amerudi nyumbani, jicho limefunguka. Namshukuru Mungu. Nimeahidi moyoni kwamba kuanzia leo nitasikiliza watu vizuri.

Nimefikiri pia kuhusu usalama wa ploti. Kuna mtu Kiirua anauza bata mzinga. Wakiona mgeni hupiga kelele kuliko mbwa, na hawaumi kama nyuki. Dume mmoja na majike kadhaa wangetosha hapo uani.

Safari hii niliuliza kwanza. Nilimfuata Rukaya alipokuwa anakamua shuka za mama yake, nikamweleza yote. Aliniangalia, maji yakimtiririka mikononi. Kisha akasema polepole, neno kwa neno, "Jaribu uone."

Vijana wa siku hizi wanajua kuongea. Hakuna ngamia, hakuna maswali. Amesema nijaribu. Kesho asubuhi naenda Kiirua.