Kidole Changu Hawakipati!

Jumatatu, 3 Juni

Nimekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi. Asubuhi gari la megafoni limepita hapa mtaani Mulongwe, Uvira: kila mwenye simu aandikishe laini yake upya. Alete karte ya kura, ndiyo kitambulisho chetu, apigwe picha ya uso, aweke vidole kwenye mashine. Asipofanya hivyo, Jumapili laini inakatwa. Vidole! Kwani nimeiba ng'ombe wa nani?

Kinachouma zaidi: ajenti ni Abdoul-Karim, jirani yangu muuza simu. Wamemvika jile ya njano, kizibao cha kampuni, anatembea kama gavana. Mpiga picha wa mtaa huu ni mimi! Nyuso za watu nazipiga mimi, na nikimaliza nawapa wenyewe. Yeye anazipeleka wapi? Nilimuuliza. Akasema kwenye serveur, kompyuta kubwa ya kampuni. Serveur ninayemjua mimi ni yule anayeleta bia. Huyu wake anakaa wapi? Hajui. Nani anamsimamia? Hajui. Ila ananiambia nitabasamu!

Pélagie, mke wangu, alipiga simu kutoka Lemera. Yuko kwa mama yake, anangoja kujifungua karibu na hospitali. Mtoto wetu wa kwanza. Akanisihi niandikishe tu. Nikamjibu kwamba hili ni jambo la haki. Akasema haki haibebi mutoto mugongoni.

Jumatano, 5 Juni

Ushahidi! Nimenunua mandazi kwa Mama Libérate. Yamefungwa katika fotokopi ya karte ya kura. Ya katekista wetu! Jina, siku ya kuzaliwa, kijiji cha baba yake kule Kiringye, uso mzima umelowa mafuta. Nilikimbia nayo hadi kwenye foleni ya Abdoul-Karim, nikaiinua juu kila mtu aone.

Akasema ni kopi zilizoharibika, alimgawia mama bure. Halafu akanigeukia mbele ya watu wote: "Kama hauna kitu unaficha, weye unaogopa nini?"

Vizuri, nikasema. Lete simu yako basi, niwasomee hawa ndugu messages zako. Akaikumbatia kifuani kwa mikono yote. Watu walicheka mpaka machozi. Nilijua nimeshinda.

Kisha wakarudi kwenye foleni. Wote! Katekista mwenyewe yuko mbele, anatafuna andazi. Mama Libérate anasema nimemchafulia biashara, nisikanyage tena kwake. Mji wa kondoo!

Ijumaa, 7 Juni

Nina akili kuliko Leta, hii serikali yetu. Nimevuka mpaka wa Kavimvira, nikaingia Gatumba, Burundi, kununua laini ya kule. Mnara wao unashika hadi nyumbani kwangu. Leta yetu ibaki na masikio yake matupu.

Mpakani walinipiga picha. Nikavumilia. Msichana wa laini akataka pasi yangu. Kisha uso. Kisha vidole, vyote kumi! Nikafoka. Waliokuwa nyuma yangu wakafoka zaidi, wana haraka. Nikaviweka. Nimewapa wageni nilichowanyima wa kwetu! Niliporudi nilitukana njiani peke yangu hadi dereva wa pikipiki akanishusha.

Namba mpya simtumii Pélagie kwa simu. Wanasikiliza. Nimemwambia Lionel, kaka yake, anayepeleka mizigo Lemera. Nikamkataza kuiandika. Aishike kichwani. Akairudia mbele yangu bila kosa.

Jumatatu, 10 Juni

Laini ya zamani imekatwa. Kimya kitamu! Hakuna anayenifuata. Hakuna anayenipigia pia, hata Pélagie. Mimi simpigii: nikipiga tu, Leta itajua namba ni ya nani.

Harusi ya Kalundu imempa Abdoul-Karim kazi ya picha. Kwa simu yake! Eti walinitafuta wakanikosa. Mwizi.

Jumatano, 12 Juni

Abdoul-Karim ameingia studioni amefungua mikono: félicitations, umepata binti! Ameona kwenye status ya Fanny, dada yake Pélagie. Uvira nzima inajua tangu jana. Isipokuwa baba.

Nilipanda pikipiki moja kwa moja hadi Lemera. Walimpasua Pélagie kumtoa mtoto. Walitafuta mume wa kusaini, hakuna. Akasaini Lionel.

Pélagie alikuwa amelala, midomo imekauka. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Nilipiga ile namba Lionel alinipa," alisema. "Akapokea muzee moja wa Bujumbura. Nikamwambia wananipeleka kunipasua, bwana yangu haonekane. Hakunijua, lakini aliniombea mpaka wakanibeba. Weye ulikuwa wapi?"

Nililia mbele ya wauguzi, sikuona haya. Binti yangu alikuwa amelala tu, ngumi zimefungwa.

Kisha nikatoka nje kumtafuta Lionel. Amegeuza tarakimu mbili za namba yangu. Mbili tu! Kichwa kile ni cha kubebea mizigo.

Jumatatu, 24 Juni

Tumerudi Uvira na mtoto. Anaitwa Noella. Pélagie ameapa: leo hii niwe na laini ya Kongo iliyoandikishwa, la sivyo anarudi kwa mama yake. Namwelewa. Lakini vidole vyangu? Kamwe!

Nikawaza. Pélagie aliposinzia mchana, nikamfunga Noella katika kitenge, nikachukua cheti chake cha hospitali, tukaenda kwa Abdoul-Karim. Nikamwambia laini aiandike kwa jina la huyu. Alicheka mpaka jile ikafunguka. Mwanga nilipanga mwenyewe, yule hajui kupiga picha. Nikakunjua kidole gumba cha Noella, kidogo kama punje ya mchele, nikakibonyeza kwenye mashine.

Mashine ikafikiri. Ikawaka kijani.

Ushindi! Leta imepata uso wa binti yangu, kidole chake, jina lake, jina la mama yake na mahali alipozaliwa. Vyangu? Hawana hata ukucha!